Kutengeneza mashini (kompyuta) ya mteja wa Kolwezi bila kutoka Lubumbashi

Ndugu mafundi, hii nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi peke yenu, hamna kampuni nyuma yenu wala mshahara wa mwisho wa mwezi, mko tu na sakosi ya turnevisi, fleshi mbili tatu zenye Windows ndani na namba ya simu ambayo watu wanapeana. Mimi pia njo maisha yangu. Niko Lubumbashi, komini ya Kenya, na wateja wangu karibu nusu hawako huku, wako Likasi, wako Kolwezi, wengine Kasumbalesa kule mpakani na Zambia. Kolwezi ni kilomita kama 300 kwenda na 300 kurudi, siku mbili zimeisha barabarani, ukifika unakuta shida ni printa ambayo mtu aliisimamisha bila kujua, dakika moja umemaliza. Mteja anatoa franga ya transpoti kwa moyo mzito na wewe huku mjini umepoteza kazi tatu.

Kwa hiyo nawaonyesha vile ninavyoshika mashini ya mtu kwa mbali, kuanzia programu ya kuchagua mpaka namna ya kuongea na mteja kwa simu, na hapo kwa kuongea nitakaa sana, kwa sababu ndiko kazi nyingi zinaharibikia.

Hii habari ya "bure"

Wengi tulianza na TeamViewer au AnyDesk, kila mtu anazijua, saa ingine mteja mwenyewe tayari anayo. Ni programu nzuri, zote mbili zimetoka Ujerumani, na zinajitahidi hata koneksio ikiwa dhaifu. Lakini soma masharti: bure yake ni ya mtu binafsi, yaani unamsaidia mama yako au mdogo wako aliye Kipushi. Siku unapokea franga, hata dola 5, wewe uko biashara na wanataka ununue lisansi. Ukiwa na uwezo wa lisansi nunua, hautajuta. Ukiwa hauna usijifiche, juu siku itakukamata ni ile siku mbaya kabisa.

Mimi ilinikamata tarehe 30. Kulikuwa na programu moja ya bure nilikuwa natumia, sikuwa nimelipa, niko ndani ya mashini ya mhasibu wa shule moja Likasi, tunarudisha faili la mishahara lililoharibika, tumefika katikati ya kukopi, dirisha likajifunga na ujumbe kwamba nashukiwa kufanya biashara. Nikarudi ndani, likajifunga tena. Mhasibu akanipigia simu, "Fundi, umeenda wapi? Balimu bako inje banangoya." Sikuwa na jibu. Masharti nilikuwa nayajua toka mwanzo, nilijidanganya tu kwamba mimi niko mdogo, nani ataniona.

Nini ya kutumia sasa

Kwa kazi ya mara moja, mteja ambaye haumjui na labda hatarudi, tumia ile iliyomo tayari ndani ya Windows 10 na 11. Kwa Kifaransa inaitwa "Assistance rapide", unabonyeza Ctrl, Windows na Q kwa pamoja inafunguka. Wewe unayesaidia lazima uwe na akaunti ya Microsoft, mteja hahitaji. Unapata kodi fupi (namba ya siri ya muda), unamsomea, anaandika, anakubali uone ekrani kisha anakubali uishike. Kodi haikai muda mrefu kwa hiyo usiitoe kabla mtu hajaketi mbele ya mashini. Ubaya wake nauona kwenye mashini za zamani ambazo miaka hazijafanya mizajuri (kusasishwa), yenyewe inadai kwanza ipakuliwe upya kutoka duka la Microsoft, na hapo mega za mteja (data aliyonunua) zinaanza kulia.

Chrome Remote Desktop ya Google nayo iko, mteja anatoa kodi ya tarakimu 12 inayotumika mara moja tu na inakufa kwa dakika 5, na kila dakika 30 inamuuliza kama bado anataka kukuonyesha ekrani. Hiyo ya kuuliza mimi naipenda sana, mteja anabaki na mamlaka. Ila kwa kazi ndefu mtu anatoka kwenda sokoni, swali linatokea, hakuna wa kujibu, umetolewa nje.

Kwa wateja wa kudumu mimi niko kwa RustDesk. Ni programu huria, maandishi yanayoiunda yako wazi kwa kila mtu chini ya lisansi huria ya AGPL, na kitu kikubwa ni kwamba unaweza kuweka seva yako mwenyewe. Yaani mlango wa kuingilia kwa wateja wako ni wako, hakuna mtu wa kukuambia leo umeshukiwa.

Kuweka seva yako

Usiogope neno seva. Unakodi mashini ndogo ya Linux kwa watu wanaokodisha, ile ya chini kabisa inatosha, dola 5 hivi kwa mwezi, kazi moja ndogo inailipa. Kabla ya kulipa jaribu kuping (kupima inachukua muda gani kujibu) sehemu mbili tatu kutoka kwa koneksio yako ya kila siku, ya simu, sio ya rafiki mwenye fibre, halafu chagua ile inayojibu upesi. Ukishaingia ndani na Docker (programu ya kuendesha programu zingine ndani ya seva) ikiwa imewekwa, ni mistari miwili:

docker run --name hbbs -v ./data:/root -td --net=host --restart unless-stopped rustdesk/rustdesk-server hbbs

docker run --name hbbr -v ./data:/root -td --net=host --restart unless-stopped rustdesk/rustdesk-server hbbr

Huyu wa kwanza, hbbs, kazi yake ni kama yule mzee wa mtaa anayejua kila mtu anakaa wapi: mashini ya mteja inajiandikisha kwake, na ya kwako inamuuliza. Akishawakutanisha, mashini mbili zinajaribu kuongea moja kwa moja. Zikishindwa, hbbr anapokea maneno ya huyu na kumpitishia yule. Huku kwetu mteja yuko kwa 4G na wewe uko kwa 4G, kila mmoja amefichwa nyuma ya mtandao wa simu yake, kwa hiyo mara nyingi utapitia hbbr, na njo maana nasema seva iwe karibu. Fungua kwa seva milango (namba za njia za mtandao) ya TCP 21115 mpaka 21117, na UDP 21116. Hii UDP watu wanaisahau, halafu wanashinda siku nzima wanatafuta kwa nini mashini haijiandikishi.

Ndani ya folda data kutakuwa na mafaili mawili, id_ed25519 na id_ed25519.pub. Lile lenye .pub njo ufunguo wa kuwapa wateja. Lile lingine ni siri yako, halitoki. Kopi yote mawili mahali salama, juu seva ikifa na hauna hayo, utazunguka kwa wateja wote kubadilisha ufunguo, mmoja mmoja.

Sasa kuna siri moja ambayo ilibadilisha kazi yangu kabisa. Hauna haja ya kumwambia mteja afungue mipangilio aandike anwani ya seva na ufunguo mrefu ule, hataweza na wewe mwenyewe kwa simu hautaweza. Chukua faili la RustDesk la Windows, libadilishe jina liwe hivi:

rustdesk-host=anwani-ya-seva-yako,key=ufunguo-wako,.exe

Programu inasoma jina lake yenyewe na inajua seva ni ipi. Ile koma ya mwisho kabla ya .exe usiitoe, juu mtu akipakua mara mbili Windows inaongeza (1) kwa jina, na bila koma hiyo (1) inaingia mpaka ndani ya ufunguo, koneksio inakataa na hauelewi. Weka faili mahali pa kupakulia, linki umtumie mteja kwa WhatsApp. Antivirusi zingine zinaipigia kelele, sio kwamba ina virusi, ni juu matapeli pia wanatumia programu za aina hii, kwa hiyo mwambie mteja mapema ili asishtuke akafuta.

Kuongea na mteja kwa simu

Hapa njo penyewe. Unaweza kuwa fundi wa ajabu lakini kama mtu aliye upande ule hakuelewi, hauingii.

Nina mama mmoja Kasumbalesa, ana biro ndogo ya kufanya deklarasio za dwane (forodha), mashini mbili na printa moja. Siku ya kwanza tulikaa dakika 40 kwa simu bila kuingia. Ananisomea ID, ile namba ya mashini yake ndani ya RustDesk, naandika, inakataa. Ananisomea tena, inakataa. Mwisho nikahesabu nilichoandika: tarakimu 8. Na ID ilikuwa ya tarakimu 9. Nikamuuliza, "Mama, hapo mwanzo kuko nini?" Akasema, "Katre-ven-sis." Mimi nilikuwa naandika 86. Kwenye ekrani yake ilikuwa 4, halafu 26.

Sisi huku namba tunazisoma kwa Kifaransa, hata mtu asiyeongea Kifaransa siku nzima, akiona namba ni Kifaransa kinatoka, na 80 yetu inatengenezwa na 4 na 20. Toka siku ile nasema hivi na mimi mwenyewe nafanya mfano kwanza:

— Mama, usome moja moja. Ukiona mbili, sema mbili, kisha upumue.

— Sawa fundi. Ine. Mbili. Sita.

— Ine, mbili, sita. Endelea mama.

Unarudia kila anachosema, tatu tatu, vile zinavyoonekana kwenye ekrani. Dakika moja mmemaliza. Au mwambie apige picha ya ekrani kwa telefone akutumie, na hiyo ni nzuri kuliko yote, ila sio kila mtu ana mega siku ile.

Neno la siri la kusoma kwa simu mimi nimeliacha. RustDesk inaruhusu mteja akubali kwa kubonyeza tu, unaomba kuingia, dirisha linatokea kwake, anabonyeza "Accepter". Hakuna kubishana kama ni O ya herufi au sifuri.

Usimwambie mteja "fungua brauza" au "nenda kwenye barre des tâches". Mwambie anachokiona kwa macho. "Chini kabisa ya ekrani, upande wa kuume, kuko saa?" "Iko." "Pembeni ya ile saa kuko kamushale kanaangalia juu?" "Iko." "Bonyeza hapo mara moja." Na muulize anaona nini baada ya kila hatua, usiruke mbele. Kama ni mzee mwite papa, mpe muda, usimwonyeshe kwamba unaharakisha, mtu akiona haya anaanza kusema "ndiyo ndiyo" kumbe hajabonyeza kitu.

Na kabla ya yote hayo, maswali matatu ya kwanza ya simu yangu ni haya haya kila siku: kurani (umeme) iko? Batri inaonyesha asilimia ngapi? Mega ziko ngapi? Kama kurani imeenda na batri iko kwa 20, usianze. Ratibu saa ingine. Kazi iliyokatika katikati ni mbaya kuliko ambayo haikuanza.

Ukishaingia

Kitu cha kwanza, kabla ya kugusa shida yenyewe: mipangilio ya Windows, mtandao, weka "Connexion limitée". Windows ikiona hivyo inaacha kupakua mizajuri yake mikubwa kwa nyuma. Nisipofanya hivyo naona mega za mteja zinayeyuka na mimi njo ninalaumiwa, "toka umeingia forfe yangu ya mega imeisha."

Kwa hesabu, kazi ya kawaida ya biro inapitisha kama kilobaiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni mega 6 kwa dakika, mega 360 kwa saa nzima. Sio kidogo kwa mtu ambaye ananunua forfe ya siku. Shusha ubora wa picha, chagua ile inayotanguliza wepesi badala ya uzuri, ondoa picha ya nyuma ya ekrani, na usicheze na madirisha kuyavuta huku na huku juu kila kinachotembea kwenye ekrani ni mega. Kukiwa na mstari wa amri wa kufanya kazi hiyo hiyo, tumia mstari wa amri, maandishi matupu hayali mega nyingi. Mafaili makubwa usiyapitishe hapo kabisa. Mimi nikihitaji Windows nzima ifike Kolwezi naweka kwa fleshi, nampa shofa wa basi, kesho iko pale. Msaada wa Windows 10 umeisha tarehe 14 Oktoba 2025 na wateja wengi wananiuliza niwapandishe kwenda 11 kwa mbali: hapana, fleshi kwanza ifike, tutaendelea baadaye.

Cha pili, klavye (kibodi). Mashini nyingi zinazoletwa kutoka Dubai ziko na QWERTY, mpangilio wa herufi wa Kiingereza, tuseme na ya kwako njo hiyo, ya mteja ni AZERTY, ule wa Kifaransa. Unaandika neno la siri alilokupa, "mama2019" tuseme, linakataa, unaandika tena na tena, mwisho Windows inaweza kufunga akaunti. Kumbe kila M yako kule inatoka alama ingine, kila A inatoka Q, na tarakimu zinatoka alama za ajabu juu AZERTY inataka Shift kwa tarakimu. RustDesk iko na namna mbili kubwa za kupitisha klavye, moja inapeleka mahali pa kidole, ingine inapeleka herufi yenyewe. Chagua ya herufi. Na kabla ya kugusa neno la siri lolote fungua "Bloc-notes" uandike azertym 123, angalia kinachotoka.

Cha tatu, ekrani ikikuganda au ikawa nyeusi ghafula mara baada ya kufungua programu fulani, usikate. Mara nyingi ni lile dirisha la Windows la kuuliza ruhusa, "Oui" au "Non", ambalo linatokea mahali ambapo programu isiyowekwa rasmi haioni. Mwambie mteja, "Papa, kwako kumetokea swali? Bonyeza Oui." Inarudi. Kwa wateja wa kudumu unaiweka RustDesk kabisa ndani ya mashini badala ya kuifungua tu, hapo dirisha lile utaliona na mashini ikizima na kuwaka tena unaweza kurudi mwenyewe.

Usikate tawi ulilokalia

Ukiwa mbali koneksio njo mguu wako. Usiondoe drayiva ya Wi-Fi (programu inayoiendesha) ukifikiri utaweka mpya, ikiondoka na wewe umeondoka. Usirudishe mipangilio yote ya mtandao kwa sifuri. Usiguse faiawoli (mlinzi wa mtandao wa mashini) bila kujua RustDesk itabaki na njia. Ukiwa lazima ufanye kimoja cha hivyo, mteja akae pale pale na simu mkononi, na kwanza mwandikie kwa WhatsApp vile atakavyorudisha.

Na BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski nzima kwa ufunguo. Hii naomba mnisikilize vizuri.

Mteja wangu wa Kolwezi, kijana wa biashara ya vipuri, alinunua mashini mpya ya Windows 11. Ilikuwa inazima zima, nikaona BIOS yake (programu ya ndani inayowasha mashini) ya zamani, nikaweka mpya kwa mbali, ikazima ili iwake upya. Nangoja dakika 5, dakika 10, hairudi. Simu ikaita. "Yaya, kuko ekrani ya buluu inaomba namba." Nikamwambia apige picha. Ilikuwa ni BitLocker, inaomba ufunguo wa tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6, na Windows yenyewe haijawaka kwa hiyo RustDesk haiko, mimi siko. Yeye hakuwahi kusikia neno BitLocker maisha yake. Mashini za Windows 11 nyingi zinajifunga zenyewe mara unapoingiza akaunti ya Microsoft, na ufunguo unabaki kwenye akaunti hiyo. Akaunti aliifungua nani? Muuzaji, siku ya kununua, kwa namba ya simu yake mwenyewe. Nilipanda basi asubuhi. Tulimtafuta muuzaji siku nzima, tukampata jioni, akafungua akaunti, tukanakili tarakimu 48 kwa kalamu, moja moja. Mafaktire ya miaka miwili yalikuwa mle ndani. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kuziandika.

Kwa hiyo sasa kabla ya kugusa BIOS, kabla ya kugusa namna mashini inavyowaka, nafungua amri kama msimamizi na naandika manage-bde -status C: niangalie kama imefungwa. Ikiwa imefungwa, manage-bde -protectors -get C: inanionyesha ufunguo, mteja anaunakili kwa daftari lake, sio kwangu, halafu manage-bde -protectors -disable C: inaisimamisha kwa muda. Nikimaliza narudisha kwa -enable. Dakika 3, unajiepusha na kilomita 600.

Mashini ya mtu ni kama nyumba yake

Matapeli wanatumia njia hii hii yetu. Mwaka 2024 Microsoft wenyewe walitoa onyo kwamba kuna watu wanawapigia wengine simu wakijifanya mafundi na kuingia kwa Assistance rapide. Mwaka huo huo mwezi wa Februari AnyDesk walitangaza kwamba seva zao ziliingiliwa, wakabadilisha vyeti vyao na kuomba watu waweke toleo jipya. Kwa hiyo mteja akiogopa, yuko na haki, na usimkasirikie.

Sheria pia iko: Kongo tuna Code du numérique, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na data za watu zimo mle. Lakini hata kabla ya sheria, mimi nafanya hivi. Naingia saa tuliyopatana tu, na ninamwambia "naingia sasa". Sifungui picha wala WhatsApp ya mtu. Akitaka kuingia benki au kuandika kodi yake ya mobile money namwambia anitoe kwanza, amalize, kisha anirudishe. Kwa wale ambao nimewawekea neno la siri la kudumu ili niingie bila wao, kila mmoja ana lake, refu, halifanani na la mwingine, na akaunti yangu mwenyewe nimeiwekea uthibitisho wa hatua mbili. Kazi ikiwa ya mara moja, mwisho wa yote namwambia afunge RustDesk mwenyewe na kuifuta, na nangoja kwa simu mpaka aseme imeenda.

Franga

Usilipishe kwa saa. Koneksio ikiwa mbaya saa zinaenda na mteja anaona unamwibia. Lipisha kwa kazi: kutengeneza printa ni hii, kusafisha virusi ni hii, kuweka programu ya uhasibu ni hii. Mimi naanza dola 10 na nusu inakuja mbele kwa mobile money kabla sijaomba ID. Nikishindwa kwa mbali, nusu ile inakatwa kwa bei ya kwenda, siirudishi lakini pia siiongezi, na mteja anajua hivyo toka mwanzo. Diski inayogonga ndani, batri iliyovimba, mashini isiyowaka, hizo usijaribu hata kidogo, mwambie atume kwa basi.

Na uwe na daftari. Kila mteja ukurasa wake: ID yake, mashini ni gani, klavye gani, BitLocker iko au haiko, nilifanya nini na tarehe gani. Juzi yule mama wa Kasumbalesa alipiga simu tena, kamiyo ziko kwa foleni na printa inatoa karatasi nyeupe. Nikafungua ukurasa wake, ID ilikuwa pale, nikamuuliza tu kurani na mega. "Iko, fundi. Naona umeomba kuingia, nabonyeza Accepter." Dakika 6, karatasi ya kwanza ilitoka na maandishi.